Je, niongeze ikwalaiza kwenye muziki wa gari, au kasoro iko kwingine?

Msafiri wa Alfajiri aliuliza:

Habari zenu, ndugu zangu. Naomba ushauri wenu kabla sijatoa fedha, kwa sababu nimekwisha kupata maoni mawili yanayopingana, na yote yametoka kwa watu wanaoonekana kuijua kazi.

Gari langu ni sedani ya kawaida. Redio ya kiwandani niliitoa nikaweka nyingine, na kutoka kwenye redio hiyo nyaya za RCA, zinazopitisha sauti kabla haijakuzwa, zinakwenda kwenye amplifaya ya chaneli nne. Chaneli mbili zinaendesha wufa (spika za sauti nzito) za milango ya mbele pamoja na twita zake (spika ndogo za sauti za juu) zilizo pembeni mwa dashibodi, na mbili zilizobaki zimeunganishwa pamoja ili kuendesha sabwufa moja ya inchi 10 iliyo ndani ya buti. Spika za nyuma bado zinaendeshwa na redio yenyewe. Vifaa hivi si vya kifahari, lakini nilivisikiliza kabla havijafungwa garini na vilinifurahisha.

Kinachonisumbua ni hiki. Sabwufa inavuma kwa noti moja: gitaa la besi likipanda na kushuka, kuna noti moja inayojaa gari zima na kutikisa kioo cha nyuma, na zinazoifuata zinapotea kana kwamba mpigaji ameinua vidole. Sauti ya mwanamume inatoka nyembamba, haina kifua. Mwimbaji hana mahali pa kukaa. Simsikii mbele yangu, namsikia kila upande na hakuna upande ninaoweza kuunyooshea kidole. Tena nikipandisha sauti ili kuushinda mngurumo wa matairi, twita zinachoma masikio, hasa kwenye herufi "s" na kwenye matoazi, kiasi kwamba baada ya nusu saa natamani kuzima.

Fundi aliyenifungia anashauri niongeze ikwalaiza mbili, yaani vifaa vya kusawazisha sauti vinavyopandisha au kushusha kila bendi (sehemu) ya sauti kwa kitelezi chake, moja ya spika za mbele na moja ya sabwufa. Rafiki yangu anasema ikwalaiza za namna hiyo zimepitwa na wakati na kwamba nitakuwa nimenunua kelele. Je, ikwalaiza ndiyo dawa ya haya niliyoyataja? Kama ndiyo, ni moja au mbili, na inafungwa wapi hasa? Natanguliza shukrani.

Fundi Waya alijibu:

Ndugu Msafiri, salamu. Nimefunga muziki wa magari kwa miaka mingi, nami nakuomba usinunue chochote kwa sasa.

Umetaja mambo mawili ambayo yakikutana pamoja, kitu cha kwanza ninachofanya ni kufungua mlango: sauti za wanaume hazina kifua, na mwimbaji hana mahali pa kukaa. Hizo ni dalili za spika mbili za mbele zinazosukuma hewa kinyume, yaani nyaya za spika moja zimegeuzwa, chanya ikawekwa penye hasi. Wakati koni ya mlango mmoja inatoka, ya mlango wa pili inaingia. Hewa inayosukumwa na moja inanyonywa na mwenzake, na kwa kuwa mawimbi ya masafa ya chini (yenye mitetemo michache kwa sekunde, inayohesabiwa kwa Hz) ni marefu, huko ndiko hasara inakokuwa kubwa zaidi. Hakuna ikwalaiza inayoweza kuponya kosa hilo. Ukipandisha Hz 125 utakuwa umezipandisha spika zote mbili kwa pamoja, nazo zitaendelea kufutana vilevile, huku amplifaya ikipata moto bure.

Kipimo chake kinahitaji betri ya kawaida ya volti 1.5 na mtu mmoja wa kukusaidia. Zima redio, chomoa nyaya za spika upande wa amplifaya, toa kava la spika mlangoni, kisha gusisha nyaya hizo kwenye betri kwa muda mfupi mno, chanya kwa chanya na hasi kwa hasi. Utasikia mlio mdogo mkavu, na mwenzako ataiona koni ya wufa ikiruka kuelekea nje. Ikiingia ndani, nyaya zimegeuzwa mahali fulani kati ya mkono wako na spika. Pima wufa na sabwufa tu. Twita usizipime kwa njia hii, kwa sababu koili yake ni nyembamba, na tena baadhi ya krosova (sakiti za kugawa masafa kati ya spika) huigeuza twita kwa makusudi, kwa hiyo utajikuta "umesahihisha" kitu kilichokuwa sahihi.

Baada ya hapo rudisha kila kitu sifuri: kitufe cha kuongeza besi kwenye amplifaya, "loudness" kwenye redio (inayokuza besi na sauti za juu), na ile mipangilio iliyotayarishwa yenye majina ya aina za muziki. Nimekutana na magari ambayo besi imepandishwa mahali patatu bila mwenye gari kujua, kisha watu wanatafuta ikwalaiza ya kuipunguza. Weka krosova ili wufa za milango zisipewe kazi ya chini ya Hz 80 na sabwufa isipande juu ya hapo. Wufa ya mlangoni ikiondolewa mzigo huo hupumua, na sauti ya mwanadamu husafika papo hapo.

Kuhusu twita zinazochoma: jiulize kwanza kama zinachoma katika sauti yoyote au ukipandisha tu. Kama ni ukipandisha tu, huenda amplifaya imefika mwisho wa uwezo wake. Amplifaya ikifika hapo hukata vichwa vya mawimbi, na mawimbi yaliyokatwa vichwa huzaa masafa ya juu ambayo hayakuwamo kwenye wimbo. Mzigo huo wote huangukia twita. Hapa ndipo ikwalaiza inapowadanganya watu wengi. Kila desibeli 3 (desibeli ni kipimo cha ukubwa wa sauti) unazopandisha zinadai nguvu mara mbili. Kama wufa inatumia wati 10 katika masafa fulani, desibeli 6 zitadai wati 40, na desibeli 12, ambazo ndizo mwisho wa vitelezi vingi, zitadai karibu wati 160. Mtu anasukuma kitelezi juu kwa kidole kimoja bila kujua kwamba ameagiza amplifaya nyingine.

Sasa kuhusu mahali pa kuifunga. Ikwalaiza hukaa kati ya redio na amplifaya, kwenye njia ya RCA. Maana yake spika zako za nyuma, ambazo redio inaziendesha moja kwa moja, hazitaguswa nayo hata kidogo. Na ile ya sabwufa uliyoshauriwa sikubaliani nayo. Sabwufa yako inafanya kazi kati ya Hz 20 au 30 na Hz 80, yaani okteva moja na nusu hadi mbili (okteva moja ni masafa kuzidishwa mara mbili). Ikwalaiza ya kawaida ya bendi 7 itakuwa na bendi moja, labda mbili, zinazoangukia humo. Zilizobaki zitakuwa mapambo.

Sikio Tulivu alijibu:

Naungana na Fundi Waya, na ningependa kuongeza upande wa chumba, kwa sababu gari ni chumba, tena ni kidogo, kina vioo, na msikilizaji amekaa pembeni.

Sauti husafiri takriban mita 343 kwa sekunde. Wimbi la Hz 1,000 lina urefu wa sentimita 34 hivi, la Hz 100 lina mita 3.4, na la Hz 50 lina karibu mita 7, ambalo haliwezi hata kulala ndani ya gari lako. Chukua ndani ya sedani yenye urefu wa mita 2.5 kutoka kioo cha mbele hadi cha nyuma. Wimbi ambalo nusu yake ni mita 2.5 ni la Hz 69, na hilo huenda na kurudi kati ya vioo hivyo likijiongeza. Vipimo halisi vya gari lako ndivyo vitakavyoamua namba kamili, lakini ninadhani noti yako moja inayojaa gari zima iko katika ujirani huo. Chini ya hapo hewa yote ya garini hubanwa kwa pamoja kama hewa ya ndani ya pampu, na besi ya chini kabisa hupanda yenyewe bila wewe kufanya lolote. Ndiyo maana sabwufa iliyosikika ya kiasi nje huweza kuwa nzito kupita kiasi ikishaingia garini.

Sasa tofautisha kilima na shimo, kwa sababu jibu la swali lako liko hapo. Kilima ni masafa ambayo chumba kinayaongeza; hayo ikwalaiza inayaweza vizuri, maana ukiyashusha desibeli 5 yanashuka desibeli 5, na amplifaya inapata nafuu. Shimo ni masafa ambayo mawimbi mawili yanakutana yakiwa yamepishana nusu wimbi, kisha yanafutana mbele ya sikio lako. Hilo ikwalaiza hailiwezi. Ukiongeza, unaongeza pande zote mbili za ugomvi. Huwa nawaomba watu wafanye jaribio hili: pandisha bendi unayoshuku kwa desibeli 6, kisha usikilize. Kama karibu hakuna kilichobadilika, ni shimo. Rudisha kitelezi mahali pake na utafute chanzo.

Chanzo kimoja kila mtu anacho. Chukua futi ya fundi cherehani, kaa kwenye kiti chako, upime kutoka puani hadi kila wufa ya mbele. Tuseme ya karibu iko sentimita 85 na ya mbali sentimita 130. Tofauti ya sentimita 45 maana yake sauti ya spika ya mbali inachelewa kwa milisekunde 1.3, na katika ujirani wa Hz 380 spika hizo mbili zinakufikia zikiwa zimepishana nusu wimbi. Hapo ndipo penye mwili wa sauti ya mwanadamu. Dawa yake ni kuichelewesha spika ya karibu kwa milisekunde hizo hizo 1.3, kazi ambayo ikwalaiza ya vitelezi haina uwezo nayo, lakini redio nyingi za miaka ya karibuni zinaifanya, na prosesa ya sauti ya kidijitali inaifanya kwa kila spika peke yake. Kwa hiyo, ndugu Msafiri, kabla ya kitu kingine chochote fungua menyu ya sauti ya redio yako hadi mwisho. Huenda unatafuta dukani kitu ulicho nacho kwenye dashibodi.

Iwapo utafika hatua ya kununua, fahamu tofauti ya aina mbili. Ikwalaiza ya vitelezi ina masafa yaliyopangwa tangu kiwandani. Ya bendi 10 huenda kwa hatua ya okteva, yaani 31.5, 63, 125, 250 na kuendelea hadi 16,000. Kilima chako kikiwa Hz 90, kitakuwa kati ya 63 na 125, na kila utakachoshusha kitashusha pia jirani asiye na hatia. Ya parametriki inakuruhusu kuchagua masafa yenyewe, kiasi cha kushusha, na upana wa eneo linaloguswa. Kwa gari, ambamo matatizo ni membamba na yana mahali pake, mimi nachagua ya pili kila mara.

Neno moja kuhusu kupima kwa simu. Programu za kuonyesha masafa zinasaidia sana, lakini maikrofoni ya simu imetengenezwa kwa ajili ya mazungumzo, kwa hiyo usiiamini katika besi ya chini kabisa. Piga kelele pinki, ile sauti inayofanana na maporomoko ya maji, ambayo ina nguvu sawa katika kila okteva. Izungushe simu polepole kuzunguka mahali kichwa chako kinapokaa, kisha uchukue wastani. Wala usitafute mstari ulionyooka kwenye programu hiyo. Garini mstari ulionyooka husikika mkavu na mkali. Besi inayozidi masafa ya kati kwa desibeli 6 hadi 10, na trebo (sauti za juu) inayoteremka taratibu, ndivyo masikio ya wengi yanavyoridhika barabarani, kwa sababu mngurumo wa matairi na injini hufunika masafa ya chini kwanza.

Mzee wa Santuri alijibu:

Vijana wangu, nimewasoma kwa furaha, lakini naona ikwalaiza inahukumiwa bila kusikilizwa.

Mimi nimeendesha gari lenye ikwalaiza ya vitelezi 7 chini ya dashibodi kwa zaidi ya miaka 20, na gari la sasa nalo nimelifungia. Sababu yangu si chumba wala kilima. Sababu yangu ni nyimbo zenyewe. Muziki ninaoupenda ulirekodiwa katika nyakati na vifaa tofauti. Wimbo mmoja una besi iliyofifia, unaofuata una tarumbeta zinazokata, wa tatu umenakiliwa kutoka kwenye kaseti iliyochoka. Redio yangu ina mipangilio mizuri, lakini ili kuifikia lazima nibonyeze mara nne nikiangalia kioo chake, jambo ambalo mtu anayeendesha hapaswi kulifanya. Kitelezi nakigusa bila kukiangalia. Cha tatu kutoka kushoto nakijua kama ninavyoijua gia ya tatu.

Hata jina lenyewe lina historia ya unyenyekevu. Kusawazisha kulianza katika simu: waya mrefu ulikuwa unapoteza masafa ya juu, na wahandisi wakatengeneza sakiti za kurudisha kilichopotea ili sauti iliyofika ifanane na iliyotoka. Kwangu hiyo ndiyo kazi halali ya kifaa hiki, kurudisha kilichopotea njiani.

Kuhusu kelele, rafiki yako hakukosea kabisa, ndugu Msafiri. Mara ya kwanza nilipofungiwa, nilisikia filimbi nyembamba iliyopanda kila nilipokanyaga mafuta na kushuka nilipoachia. Ilikuwa ni alternata, jenereta inayochaji betri ya gari. Redio ilikuwa na akthi yake (waya unaounganishwa na chuma cha gari), ikwalaiza yake, amplifaya yake, na kila moja mahali tofauti kwenye bodi. Tulizikusanya akthi zote tatu mahali pamoja, tukakwangua rangi hadi chuma kikaonekana, na waya za RCA tukazipitisha upande mwingine wa gari, mbali na waya mnene wa betri. Filimbi ikaisha siku hiyohiyo.

Kwa hiyo ushauri wangu ni moja, si mbili, na ununue baada ya kumaliza aliyosema Fundi Waya. Lakini usiambiwe kwamba hakuna sababu ya kuwa nayo.

Fundi Waya alijibu:

Shikamoo, Mzee wa Santuri. Hoja ya mkono kufika bila macho kuondoka barabarani naikubali bila kubishana, na nimewafungia wateja kwa sababu hiyo hiyo. Nina angalizo moja tu. Ikwalaiza inayorekebisha wimbo na ikwalaiza inayorekebisha gari ni kazi mbili. Ya gari hupangwa mara moja, ikafungwa, haiguswi tena. Ya wimbo huguswa kila siku. Ukitumia vitelezi hivyo hivyo kwa kazi zote mbili, siku mtoto atakapovichezea utakuwa umepoteza gari pamoja na wimbo. Ndugu Msafiri analalamikia gari, maana kasoro zake ziko katika kila wimbo.

Sikio Tulivu alijibu:

Nami nakuamkia, mzee wangu, shikamoo. Hili la mkono kwenye kitelezi lina msingi pia katika sikio lenyewe. Harvey Fletcher na Wilden Munson, wa maabara za Bell, walichapisha mwaka 1933 mikondo inayoonyesha kwamba sikio halisikii masafa yote kwa usawa, na kwamba kutokuwa sawa huko hubadilika kulingana na ukubwa wa sauti. Sauti ikiwa ya chini, besi hupotea haraka kuliko masafa ya kati. Ikipandishwa, besi hurudi. Masafa ambayo sikio linayanasa kwa ukali zaidi ni kati ya Hz 2,000 na 5,000 hivi, na ndiyo maana kosa dogo la twita katika eneo hilo linaumiza kuliko kosa kubwa la besi. Mpangilio uliofanywa gari likiwa limesimama kimya hautakuwa sahihi kabisa katika mwendo wa barabara kuu. Mimi hupanga nikiwa nimesimama, kisha nampa mwingine usukani ili nisikilize tukiwa tunakwenda.

Msafiri wa Alfajiri alijibu:

Shikamoo, mzee wangu, na asanteni sana ninyi nyote. Zimepita wiki mbili, nami nimerudi na majibu kwa sababu naona si haki kuchukua ushauri kisha kunyamaza.

Tulianza na betri. Mdogo wangu aliinama mlangoni akiwa na tochi, mimi nikawa kwenye amplifaya. Wufa ya kushoto ilipopata betri, aliniambia koni imetoka nje. Ya kulia ilipopata, akasema imeingia. Nikamwomba aangalie tena, nikagusisha mara tatu, na mara zote tatu ikaingia. Tulipotoa paneli ya mlango tulikuta mahali waya mpya ulipounganishwa na wa zamani kwa utepe mweusi, rangi zilikuwa zimepishana. Nilizigeuza, nikarudisha paneli kwa skrubu mbili tu kwa sababu sikuwa na subira, nikawasha wimbo ninaoujua vizuri. Mwimbaji alikuwa juu ya dashibodi. Sijui niseme vipi zaidi ya hapo. Miezi yote ile sikuwahi kumsikia akiwa mahali, na sasa alikuwa mahali. Sauti yake ilikuwa na kifua.

Kisha nikafungua menyu ya redio hadi mwisho kama nilivyoelekezwa. Ndani yake kuna ikwalaiza ya bendi 13 na sehemu ya kuchelewesha kila spika kwa sentimita. Nimeimiliki redio hii kwa muda mrefu na nilikuwa sijapita besi na trebo. Nilipima kwa futi: sentimita 88 na 131. Nikaichelewesha ya karibu kwa sentimita 43, na mwimbaji, aliyekuwa bado anaegemea upande wangu, akasogea karibu na katikati.

Noti moja ya sabwufa ilikuwa ngumu kidogo. Kwenye simu kilima kilionekana karibu na Hz 80, juu kidogo ya alichokadiria Sikio Tulivu. Nilishusha bendi hiyo kwa desibeli 5, na sasa gitaa la besi linatembea noti kwa noti, ingawa kioo cha nyuma bado kinatikisika kwenye noti mbili na nadhani hilo ni la kioo chenyewe. Kulikuwa pia na pengo karibu na Hz 160. Nikalijaribu kwa kupandisha desibeli 6, na kama mlivyosema, hakuna kilichobadilika isipokuwa paneli ya mlango iliyoanza kulia. Nikarudisha. Nilipoweka kiganja kwenye paneli wimbo ukiwa unapiga, nilihisi inacheza kama ngozi ya ngoma, na nyuma yake kuna matundu makubwa ya chuma yaliyo wazi. Nimeanza kuyaziba na kubandika mikeka ya kuzuia mtetemo. Mlango mmoja umekwisha, wa pili bado.

Spika za nyuma nimezizima kabisa, na sikuzikumbuka.

Ikwalaiza, basi, sijanunua. Kinachobaki ni twita. Zimepungua kuchoma tangu nilipoondoa "loudness", lakini kuna ukali karibu na Hz 3,150 ambao ni wa upande wa kulia zaidi kuliko wa kushoto, na bendi za redio yangu zinagusa pande zote mbili kwa pamoja. Nikishusha hapo, upande wa kulia unapona na wa kushoto unafifia. Je, hapa ndipo ninapohitaji kifaa kingine?

Sikio Tulivu alijibu:

Hapa ndipo hoja ya kununua inapoanza kuwa na nguvu, na ukinunua, iwe prosesa inayosawazisha kila chaneli peke yake, kwa sababu ukali wa upande mmoja hauwezi kutibiwa kwa kifaa kinachoshusha pande zote. Lakini angalia mambo mawili kwanza. Twita ya kulia huenda inakuelekea moja kwa moja au inapiga kioo kisha inarudi kwako; igeuze kidogo ielekee katikati ya gari, ishikilie kwa utepe kwa siku chache, usikilize. La pili, kama twita na wufa zako zilikuja pamoja na visanduku vya krosova, fungua mfuniko. Vingi vina pini au swichi ya kuchagua kiwango cha twita, sifuri, kushusha desibeli 3, au kupandisha. Tena kila upande una kisanduku chake.

Msafiri wa Alfajiri alijibu:

Nimevifungua jioni hii. Pini za pande zote mbili zilikuwa kwenye kupandisha desibeli 3. Ya kushoto nimeiweka sifuri, ya kulia nimeishusha desibeli 3, na twita ya kulia nimeigeuza ielekee kioo cha kati cha kutazamia nyuma, nimeishikilia kwa utepe. Kesho nina safari ya mwendo wa saa nne. Nitasikiliza njia nzima, kisha mlango wa pili nitaumaliza nikirudi.